Risasi gani kwa mnyama mkubwa aliye mbali? Aina tano zikipimwa kwa vigezo vilevile

Ukiuliza risasi ya kumpigia mnyama mkubwa aliye mita 400 au 500, utajibiwa kwa jina la kampuni, na kila anayekujibu atakuwa na mnyama aliyeanguka papo hapo wa kuthibitisha maneno yake. Majibu yote hayo yanaweza kuwa ya kweli na bado yasikufae. Risasi iliyomwangusha mnyama mita 450 inaweza kusambaratikia begani kwa mwingine aliye mita 60 na isifike mapafuni. Na ile inayovunja bega mita 60 ikatokea upande wa pili inaweza, mita 500, kupita mwilini bila kuchanua, yaani bila kufunguka na kutanuka, mnyama akakimbia mbali na kufa kwa mateso mahali ambapo hutampata. Kwa hiyo hapa nalinganisha namna risasi zilivyoundwa ndani. Majina ya kampuni ni mifano tu.

Wanyama ninaowakusudia ni wa aina ya tandala mkubwa, elki (kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini), kulungu mwekundu wa Ulaya, mpaka pofu dume anayeweza kuzidi kilo 700. Nyati, tembo na kiboko hawamo. Hao hupigwa karibu, kwa kaliba (upana wa tundu la mtutu) kubwa na risasi za kazi hiyo, na anayewaza kumpiga nyati kwa mita 400 aache kuwaza hivyo.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni mwendo wa risasi inapogusa ngozi. Risasi ya kuwindia huchanua kwa sababu nyama na maji ya mwilini huisukuma kwa nguvu kutoka mbele. Nguvu hiyo hufuata mraba wa mwendo: mwendo ukishuka kutoka mita 800 kwa sekunde hadi 600, umepungua robo tu, lakini shinikizo lililobaki ni kama asilimia 56. Chini ya kiwango fulani risasi hutoboa tundu la upana wake na kwenda zake.

Tuchukue mfano mmoja tutakaoutumia mpaka mwisho. Katriji (ganda lenye baruti na risasi yake) ya 6.5 Creedmoor yenye risasi ya Hornady ELD-X ya greni 143 (gramu 9.3) hutoka mtutuni kwa takriban mita 823 kwa sekunde, kwa mujibu wa jedwali la kampuni. Ikifika yadi 200 (mita 183) imebaki na 737. Yadi 300 ni 696, yadi 400 ni 657, na yadi 500, yaani mita 457, ni 618. Hizo ni namba za mtutu wa majaribio. Mtutu wako ukiwa mfupi kwa sentimita 10, huenda ukapoteza mita 25 hadi 35 kwa sekunde tangu mwanzo, na upungufu huo utaufuata mstari wote wa jedwali. Ndiyo maana napendekeza upime mwendo wa bunduki yako kwa kronografu (kifaa cha kupima mwendo wa risasi) kabla hujafungua mkoba kununua chochote.

Kampuni nyingi hutaja mwendo wa chini kabisa ambao risasi yao itachanua. Uusome kwa uangalifu: hapo ndipo kuchanua kunapoanza, na jeraha linakuwa jembamba. Mimi huongeza mita 60 kwa sekunde juu ya namba ya kampuni na kuifanya hiyo kuwa mpaka wangu.

Kigezo cha pili ni kupenya: risasi ifike wapi baada ya kukutana na ngozi, misuli na pengine mfupa wa bega. Hapa uzito unaobaki baada ya kuchanua ndio unaoamua. Cha tatu ni hewa na upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni utaisogeza risasi ya mfano wetu kama sentimita 37 kwenye yadi 500. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa kawaida lina upana wa kama sentimita 25. Piga hesabu hiyo polepole: ukiukosea upepo kwa nusu tu, risasi iliyolengwa katikati ya mapafu imesogea sentimita 18 na imekaribia tumbo. Risasi hiyo pia hutumia karibu theluthi mbili ya sekunde kufika, na kwa muda huo mnyama anayeanza kutembea ameshapiga hatua.

Cha nne ni mambo ya mtutu: kama mzunguko wa mifuo ya ndani, ile mifereji inayoizungusha risasi, unaitosha risasi hiyo kwa urefu wake, na kama bunduki yako inaipenda. Cha tano ni nyama utakayopoteza, plumbi (madini ya risasi) itakayobaki mwilini na sheria ya mahali unapowinda. Kigezo cha sita husahaulika: karibu. Umejiandaa kwa mita 450, na mnyama anajitokeza mita 50 kutoka kichakani.

Sikuweka nishati kama kigezo peke yake. Kuna kanuni ya zamani huko Marekani inayodai futi-pauni 1,000 (kama jouli 1,350) kwa kulungu na 1,500 (kama jouli 2,030) kwa elki. Inasaidia kuzuia tamaa, lakini haikuambii kama risasi ilichanua, na risasi isiyochanua hutoka upande wa pili na sehemu kubwa ya nishati hiyo.

Gamba jembamba linalovunjika

Mifano: Berger VLD Hunting na Hybrid Hunter. Ni kiini cha plumbi laini ndani ya gamba jembamba la shaba, umbo refu lililochongoka. Kampuni yenyewe inaeleza kuwa risasi hupenya sentimita 5 hadi 8 kwanza, kisha hufunguka kwa kishindo na kumwaga asilimia 40 hadi 85 ya uzito wake ndani ya kifua.

Mbali: Hapa ndipo ilipozaliwa. Mwendo wa chini unaotajwa ni karibu mita 550 kwa sekunde, na kwa kuwa inapasua hewa vizuri hubaki juu ya kiwango hicho kwa umbali mrefu. Mapafu yanayopigwa na vipande vingi kwa mpigo mmoja hushindwa haraka, na mnyama mara nyingi huanguka pale pale aliposimama.

Karibu: Udhaifu wake mkubwa. Kwa mita 50, ikitoka kwenye magnum (katriji yenye baruti nyingi) kwa mita 900 kwa sekunde, na ikakutana na fundo la bega la mnyama mzito, inaweza kuisha kabla ya kufika inapotakiwa.

Kupenya: Kunategemea pembe. Ubavuni, nyuma kidogo ya bega, inatosha. Mnyama akikaa mshazari, akikuonyesha paja, usipige. Mara nyingi hakuna tundu la kutokea, na bila tundu la kutokea damu inayodondoka chini ni kidogo. Anayefuata nyayo kwenye majani makavu anaelewa uzito wa jambo hilo. Tena tundu dogo la nchani likiziba au kubanwa, risasi inaweza kukataa kufunguka.

Upepo: Bora kuliko zote hapa. Kwa kaliba ya .30, Hybrid ya greni 215 ina koefisienti ya balistiki (namba ya namna risasi inavyopasua hewa; ikiwa kubwa ndivyo bora) ya takriban 0.69 kwa kipimo cha G1.

Mtutu na nyama: Ni ndefu, hivyo inataka mifuo inayozunguka haraka; ile ya greni 215 inataka mzunguko mmoja kila inchi 10. Vipande vya plumbi husambaa mbali na jeraha, kata nyama kwa ukarimu.

Inamfaa: Mpigaji mwenye nidhamu, wa maeneo ya wazi, ambaye hupiga mbavu tu na yuko tayari kumwacha mnyama aliyesimama vibaya au aliyekaribia mno.

Ncha ya plastiki na gamba lililoimarishwa

Mfano ujulikanao zaidi ni Hornady ELD-X, iliyotoka mwaka 2015. Wakati wa kuiunda, kampuni ilitumia rada ya Doppler (inayopima mwendo wa risasi angani) na kugundua kwamba ncha za plastiki za kawaida zililainika kwa joto la hewa angani na kuharibu umbo, wakabadilisha plastiki. Ndani kuna pete ya gamba inayokishika kiini.

Mbali: Kampuni inataja karibu mita 490 kwa sekunde kama kiwango cha chini. Rudi kwenye mfano wetu: kwa yadi 500 ina 618, kwa hiyo hata ukiongeza ile akiba ya 60 bado uko salama. Ncha husukumwa nyuma na kulifungua gamba, kwa hiyo hatari ya kukataa kufunguka ni ndogo kuliko kwa tundu tupu.

Karibu: Chini ya yadi 400 inategemewa kubaki na asilimia 50 hadi 60 ya uzito wake, na zaidi ya hapo 85 hadi 90. Soma namba hizo mara mbili. Maana yake kadiri unavyokaribia ndivyo inavyovunjika zaidi, na kwa mnyama mzito wa karibu hilo ni kasoro. Si dhaifu kama ya kwanza, lakini ni ndugu yake.

Kupenya: Wastani. Kwa tandala ubavuni haina tatizo. Kwa bega la pofu, mimi nisingeichagua.

Upepo: Karibu na juu kabisa. Ya .30 greni 200 iko karibu 0.60, na ya 6.5 greni 143 ni 0.625 (0.315 kwa G7, kipimo kinachofaa zaidi risasi ndefu zenye mkia mwembamba).

Mtutu na nyama: Hupatikana ikiwa imeshapakiwa kiwandani kwa katriji nyingi, na bunduki nyingi huipenda bila kusumbua. Plumbi husambaa, ila kidogo kuliko ile ya gamba jembamba.

Inamfaa: Anayenunua risasi dukani, anayewinda wanyama wa ukubwa wa kati hadi tandala, na anayetaka kitu kimoja cha mita 100 hadi 450.

Kiini kilicholehemiwa na gamba

Nosler AccuBond ndiyo mfano wa kawaida. Swift Scirocco II na Federal Terminal Ascent ziko kundi hili, kila moja kwa njia yake. Terminal Ascent ina shina la shaba nyuma na plumbi iliyolehemiwa mbele. Gamba na kiini haviachani, hivyo risasi hutanuka na kubaki kitu kimoja.

Mbali: Hapa lazima utenganishe. AccuBond ya kawaida inataka karibu mita 550 kwa sekunde. AccuBond Long Range imelainishwa ifunguke hata kwa 396 kwa mujibu wa kampuni, kiwango cha chini kuliko vyote katika ulinganisho huu. Ukisoma boksi, hakikisha umeshika ile uliyoikusudia, maana majina yanafanana na tabia zinatofautiana.

Karibu: AccuBond ya kawaida huvumilia bega la karibu vizuri. Ile ya Long Range, kwa kuwa ni laini, hutanuka sana ikiwa na kasi kubwa na kupenya kwake hupungua, ingawa haitawanyiki yote.

Kupenya: Nzuri. Mara nyingi utapata tundu la kutokea, na kwa hiyo damu ya kufuata.

Upepo: Ya kawaida ni ya kati; .30 greni 180 iko karibu 0.51. Za Long Range ziko juu zaidi.

Mtutu na nyama: Kuna bunduki ambazo hazitulii nazo mpaka mpakiaji ahangaike na urefu wa katriji. Kwenye nyama ni afadhali kuliko aina mbili za juu.

Inamfaa: Mtu mwenye safari moja na hajui mnyama atatokea wapi. Kama ningelazimishwa kupakia bunduki kwa ajili ya mgeni nisiyemjua anavyopiga, ningeanzia hapa.

Shaba tupu

Randy Brooks wa kampuni ya Barnes aliitoa Barnes X mwaka 1989, risasi ya shaba isiyo na plumbi kabisa. Mwaka 2003 ikafuata TSX yenye mifereji mwilini kupunguza msuguano na masalia ya shaba mtutuni, kisha zikaja zenye ncha za plastiki, ikiwemo LRX iliyokusudiwa umbali. Hornady wana CX. Hammer wanafuata njia nyingine: petali (vipande vya mbele vinavyofunguka kama ua) hukatika kwa makusudi na shina likaendelea mbele.

Mbali: Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Shaba ni ngumu kufunguka kuliko plumbi, na nyingi hutaka mita 550 hadi 610 kwa sekunde, kutegemea risasi; LRX zimetengenezwa kufunguka kwa mwendo mdogo kuliko ndugu zake. Ukichukua inayotaka 610 na kuongeza akiba ya 60, unahitaji 670. Kwa mwendo wa mfano wetu umeshafika huko kabla ya yadi 400. Ukipiga yadi 500 kwa risasi hiyo, unabahatisha, na anayelipa ni mnyama.

Karibu: Hakuna inayoizidi. Mita 40, bega, kasi ya magnum, yote ni sawa kwake. Petali nne hugeuka nyuma na uzito karibu wote unabaki.

Kupenya: Ya kwanza katika orodha hii. Kaliba ndogo yenye shaba hufanya kazi ya kaliba kubwa, na pembe za mshazari zinawezekana. Tundu la kutokea ni jambo la kawaida. Upande wa pili wa sifa hiyo: njia ya jeraha ni nyembamba kidogo, na mnyama aliyepigwa mapafu peke yake anaweza kukimbia mita mia kabla ya kuanguka. Wengi wanaozitumia hulenga mbele kidogo, kwenye bega lenyewe.

Upepo: Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, plumbi 11.34. Kwa hiyo risasi ya shaba ya uzito uleule huwa ndefu, na ili isizidi urefu watengenezaji hupunguza uzito. LRX ya .30 greni 175 iko karibu 0.51, sawa na AccuBond ya 180 lakini mbali na Hybrid ya 215.

Mtutu na nyama: Angalia mzunguko wa mifuo kabla ya kununua. Kipimo cha uthabiti (namba ya namna risasi inavyotulia ikizunguka angani) kikiwa 1.5 au zaidi, risasi imetulia. Chini ya hapo hata usahihi wake unaweza kupungua. Kwenye nyama haina mpinzani: hakuna plumbi, na unakula karibu mpaka ukingoni mwa tundu. Mahali pengine huna hiari. California ilipiga marufuku risasi za plumbi kwa uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019, kwa sehemu kubwa ili kuwalinda ndege wala mizoga kama kondori.

Inamfaa: Anayepiga ndani ya mita 350, wanyama wazito, familia inayokula nyama hiyo, na kila anayewinda ambako plumbi imekatazwa.

Ukuta wa kati

Nitaipitia haraka kwa sababu si ya mbali sana, ila haistahili kuachwa. Mwaka 1946 John Nosler alimpiga mnyama aina ya moose huko British Columbia, Kanada, na risasi zake zikavunjikia juu juu kwenye mwili uliojaa tope. Akabuni Partition, yenye vyumba viwili vya plumbi vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba, ikaingia sokoni mwaka 1948. Swift A-Frame inafuata wazo hilo, ikiwa ngumu zaidi.

Mbali, Partition hufunguka kuanzia karibu mita 550 kwa sekunde, kwa kuwa pua yake ni laini. Karibu, nusu ya mbele inaweza kuisha lakini nusu ya nyuma husonga mbele bila kujali, na ndiyo inayoipa kupenya. Upepo ndio adui yake: .30 greni 180 iko karibu 0.47, na pua ya plumbi huweza kubonyea ndani ya magazini. Mtutu wowote wa kawaida unaibeba. Nyama ya mbele ya jeraha hupata plumbi. Inamfaa mwindaji wa msituni na vilimani ambaye mita 300 kwake ni mbali.

Kwa hali yako

Anza kwa kujiuliza umbali ambao, ukiwa umelala au umeegemea begi, baada ya kupanda kilima na kuhema, risasi zako zote zinaingia ndani ya sentimita 20. Hapo kwenye benchi la uwanjani usipahesabu. Kisha tafuta mwendo wa risasi yako kwenye umbali huo. Ikiwa umbali wako ni mita 300, aina zote tano zinafunguka vizuri, na uamuzi unarudi kwenye kupenya na nyama: shaba, kiini kilicholehemiwa au ukuta wa kati. Wingi wa wawindaji wako hapa, hata kama mazungumzo yao ni ya mita 600.

Ukiwa na kaliba ndogo au mtutu mfupi na unataka kufika mita 400 hadi 450, shaba ngumu inatoka. Bakia na ELD-X, au iliyolehemiwa ya kufunguka kwa mwendo mdogo. Ukiwa na magnum, tatizo lako ni la karibu: kasi ni kubwa mno kwa gamba jembamba, na risasi iliyolehemiwa au shaba ndefu inakupa amani mnyama akitokea mita 40.

Uwanda wazi, upepo usiotulia, wanyama wa mwili wa kati wanaosimama ubavu, na wewe umefanya mazoezi mwaka mzima: gamba jembamba lina faida ya kweli. Lakini mnyama akiwa pofu au elki dume, hata kwenye uwanda huohuo, mimi ningekubali sentimita chache zaidi za upepo ili nipate risasi inayovuka bega.

Ukiwinda juu milimani, hewa nyembamba itakuachia mwendo zaidi kuliko usawa wa bahari, kwa hiyo weka shinikizo la hewa na joto la siku hiyo kwenye programu yako ya kukokotoa, usitumie jedwali la boksi.

Ukiwa unapakia mwenyewe na una shaka kati ya mbili, zijaribu kwa mwendo wa kufika. Kwa kutumia baruti na vipimo vilivyomo kwenye mwongozo wa upakiaji pekee, pakia katriji ya mwendo mdogo inayolingana na ile ya mita 450, piga magaloni ya maji yaliyopangwa mstari kwa karibu, na nyuma yake pawe na ukuta wa udongo. Kisha piga nyingine kwa mwendo kamili. Weka risasi ulizookota kwenye kiganja, mbili za kila aina. Ile ya mwendo mdogo iliyofungua petali milimita chache tu, au iliyobaki na ncha yake, imekuonyesha mpaka wako. Ile ya mwendo kamili iliyobaki gamba tupu imekuonyesha wa upande wa pili. Ukishachagua, weka sifuri upya (rekebisha darubini ilingane na inapogonga), maana risasi mbili za uzito mmoja mara nyingi hazigongi mahali pamoja, na thibitisha kushuka kwake kwa kupiga kweli kwenye umbali wako wa mwisho kabla ya kuipeleka porini.